Salamu ya Jumla ya Jengo la Bondwa

Inatangazwa kwa wakazi wote wa mji wa Morogoro waishio ghorofa ya kwanza na kuendelea, na kwa wale wa chini watakaopenda kujua yanayotendeka juu ya vichwa vyao, kwamba tatizo la bidhaa za supamaketi kuchelewa kufika ghorofani limekwisha. Limekwisha rasmi. Atakayechelewa kupata mchele wake kuanzia leo atakuwa amechelewa kwa hiari yake mwenyewe.

Tangazo hilo lilibandikwa Jumatatu asubuhi kwenye ukuta wa Jengo la Bondwa, lenye ghorofa nne na ngazi moja, na lilikuwa na mihuri mitatu. Mhuri wa kwanza ulikuwa wa Idara ya Ngazi, Vipandio na Makazi ya Juu. Wa pili ulikuwa wa idara hiyohiyo, ila uligongwa vizuri zaidi. Wa tatu aliugonga Bwana Abdulswamad Dadi mwenyewe, Afisa Mwandamizi wa Vipandio, kwa kuwa karatasi ilikuwa bado ina nafasi.

Bwana Abdulswamad hakuwa mtu wa mchezo. Alikuwa ameitumikia Idara miaka ishirini na miwili, na kumi na tisa kati ya hiyo alikuwa Afisa Mwandamizi, akiwaona vijana aliowafundisha kushika reli za ngazi wakimpita kwenda juu. Sasa kiti cha Mkurugenzi Msaidizi kilikuwa wazi. Kamishna wa Idara, Mheshimiwa Stephano, alikuwa amemwambia kwa kinywa chake: "Abdulswamad, niletee kitu kimoja tu kinachofanya kazi, nami nitakusainia." Barua ya uteuzi ilishachapwa. Ilikuwa imekaa kwenye jalada la Kamishna, ina kila kitu isipokuwa saini, na Bwana Abdulswamad alikuwa haoti kitu kingine.

Kitu chenyewe kilipatikana kwenye bakuli. Bwana Abdulswamad aliishi ghorofa ya nne ya jengo hilohilo, yeye, mkewe, na mama mkwe wake, Bi Mwajuma. Siku moja aliagiza aiskrimu kwa simu kutoka supamaketi iliyo mtaa wa pili. Aiskrimu iliondoka supamaketi saa nne kamili ikiwa aiskrimu. Ilifika mlangoni saa tano na dakika tano ikiwa uji. Mtu mwingine angelalamika, akanywa, akasahau. Bwana Abdulswamad alifungua jalada.

Kesho yake alijificha ngazini nyuma ya chungu cha maua, ana saa ya kupimia wakimbiaji shingoni, akamsubiri mpeleka mizigo wa supamaketi. Huyu aliitwa Anselmi, mtu mzima wa miaka hamsini na kitu, mzaliwa wa Nyandira huko juu milimani. Kabla ya kuajiriwa na supamaketi alikuwa ameteremsha matenga ya kabichi kwa kichwa kwa miaka thelathini, kwenye vijia ambavyo hata mbuzi hupita kwa kujadiliana. Kwa miguu yake ghorofa nne hazikuwa mlima, zilikuwa tuta la viazi.

Lakini chini kabisa, penye hatua ya kwanza, alikaa Bi Kristina, muuguzi mstaafu, akichambua mboga. Anselmi alipomwona alitua mifuko yote mitatu sakafuni, akavua kofia. Kwao mtu hamwamkii mkubwa wake huku amebeba mzigo, kama vile ana haraka ya kumkimbia.

"Shikamoo mama."

"Marahaba, Anselmi. Umeamkaje?"

"Salama tu, sijui wewe."

"Mimi mguu."

"Ule wa juzi?"

"Ule wa juzi umepona. Huu ni mwingine."

"Pole sana mama. Na wajukuu?"

"Wajukuu wazima. Mvua huko kwenu vipi?"

"Inanyesha mpaka kabichi zinaomba po."

Hapo wakaiongelea mvua hiyo, na ya mwaka juzi, na ile iliyoondoka na daraja. Bwana Abdulswamad alibonyeza saa yake: dakika kumi na nne. Anselmi akabeba mifuko, akapanda mbio, na kwenye ghorofa ya pili akamkuta Mzee Kasiani, mstaafu wa reli, amekaa kwenye kiti chake cha uvivu mlangoni. Mifuko chini. Kofia mkononi.

"Shikamoo mzee."

"Marahaba. Treni ya asubuhi imepita Ngerengere?"

"Nadhani imepita mzee."

"Imepita saa ngapi?"

"Sijui mzee, mimi nilikuwa supamaketi."

"Basi imechelewa," alisema Mzee Kasiani kwa uchungu, akaanza kueleza jinsi ambavyo isingechelewa enzi zake.

Matokeo ya utafiti yalijaza kurasa sitini, lakini kiini chake kilikuwa kifupi. Kupanda ngazi: dakika nne. Kusalimiana: dakika hamsini na moja. Bwana Abdulswamad alizitazama namba hizo kwa furaha ya mtu aliyeokota pochi. "Tatizo si ngazi," aliandika kwa wino mwekundu. "Tatizo ni adabu."

Hata hivyo hakutaka kuonekana mtu wa kukurupuka. Alimwita Anselmi kwa mahojiano.

"Anselmi, huwezi kupita tu?"

"Nipite vipi, bosi?"

"Upite. Una miguu."

"Nimpite mama Kristina?"

"Ndiyo."

"Nikishampita?"

"Unaendelea."

"Na kesho nikimkuta tena?"

"Unampita tena."

Anselmi aliizungusha kofia mikononi. "Bosi," alisema, "mimi na yule mama tumekosana lini?"

Bwana Abdulswamad aliandika: mhojiwa haelewi sera.

Basi iliundwa Kamati ya Kudumu ya Kufikisha Bidhaa Ghorofani, kwa kifupi KAKUBIGHO, yenye wajumbe wanane na mpishi. Ilikaa siku nne hotelini, mahali tulivu penye ghorofa moja tu, ili wajumbe wasiathiriwe na mada. Mjumbe mmoja alipendekeza wakazi washushe kapu kwa kamba kutoka roshani, watie bidhaa, wavute. Pendekezo lilichunguzwa likaonekana lingefanya kazi vizuri mno, na kwa kuwa lingefanya kazi vizuri mno, Idara ya Ngazi isingekuwa na la kufanya. Likakataliwa. Mwingine akasema wazee wote wahamishiwe paa. Huyu alipongezwa kwa ubunifu, akaombwa anyamaze.

Siku ya nne Bwana Abdulswamad alisimama, akakohoa, akawasilisha Salamu ya Jumla.

Hoja ilikuwa nyepesi. Salamu ni huduma. Huduma ikitolewa rejareja inachukua muda. Ikitolewa kwa jumla inaokoa muda. Kwa hiyo kila siku, saa mbili kamili asubuhi, mlinzi wa jengo, Hamza, angesimama chini na kipaza sauti na kuwasomea wakazi maneno yaliyopitishwa na Kamati:

"Shikamooni wazee wote wa jengo hili, wa chini, wa kati na wa juu. Poleni na miguu, migongo na presha. Habari za watoto na wajukuu zimepokelewa. Mvua milimani inanyesha. Mnaombwa kuitikia mara moja tu, kwa pamoja."

Nao wangeitikia marahaba, na marahaba hiyo ingedumu mpaka kesho yake saa mbili. Baada ya hapo, mpaka jua kuzama, mtu yeyote aliyebeba mzigo ngazini, anayesindikiza mzigo, au aliyekutana na mzigo, hataamkia, hataamkiwa, hataongea, wala hatauliza habari za mtu. Atakayekiuka, mlinzi atamshika kiwiko kwa heshima na kumrudisha hatua ya kwanza, yeye na mzigo wake, aanze upya. Huo ndio ukaitwa Mwongozo wa Ukimya wa Kimkakati Katika Vipandio. Ulipelekwa kwa Kamishna Stephano katikati ya karatasi arobaini nyingine, akausaini kama alivyosaini zile arobaini, huku anaongea na simu. Nakala yake ikabandikwa kwenye kila mlango, na saini ya Mheshimiwa ikaonekana vizuri.

Wiki ya kwanza ilikuwa ngumu. Anselmi alirudishwa hatua ya kwanza mara tisa kabla ya saa sita mchana. Mara ya tisa hakuwa amesema neno. Aliinamisha kichwa tu alipompita Mzee Kasiani, lakini Kamati ilikaa kikao cha dharura ikaamua kwamba kichwa kinachoinama kina lengo la kuamkia. Wiki ya pili alizoea. Alipanda macho kwenye viatu, akashuka macho kwenye viatu. Dakika nne juu, dakika tatu chini. Aiskrimu ilifika ngumu mpaka kijiko kikapinda, na Bwana Abdulswamad akakiambatanisha kile kijiko kwenye taarifa ya utekelezaji.

Ni nyumbani kwake tu ambako mafanikio hayakupokelewa vizuri. Bi Mwajuma alikuwa ametolewa shambani kwake Kinole kwa sababu ya magoti, na tangu apandishwe ghorofa ya nne hakuwahi kushuka tena. Anselmi ndiye aliyekuwa redio yake: nani kavuna, nani kaoa, nani kalala hospitali. Sasa aliishia kusikia kishindo cha mfuko mlangoni na viatu vikishuka.

"Mkwe," alisema jioni moja.

"Naam, mama."

"Yule Anselmi kafiwa?"

"Hapana, mama."

"Mimi ndiye niliyefiwa, hamjaniambia?"

"Hapana, mama. Mungu apishe mbali."

"Basi mbona ananiwekea mchele mlangoni kama anatega panya?"

"Huo ni ufanisi, mama. Zamani mchele ulichukua saa nzima kufika. Sasa ni dakika nne."

"Kwani nilikuwa naenda wapi?" aliuliza Bi Mwajuma.

Fomu ya tathmini haikuwa na kisanduku cha swali hilo. Ukweli ni kwamba mama wa watu alikuwa mpweke, na yeye aliliona hilo. Lakini uzinduzi ulikuwa Jumamosi, na ratiba ilisema wazi: mgeni rasmi, yaani Kamishna, atabeba mzigo wa mfano, ambao ni ndoo ya aiskrimu, ataupandisha hadi ghorofa ya nne, na akifika atasaini barua ya uteuzi wa Mkurugenzi Msaidizi juu ya mfuniko wa ndoo hiyohiyo. Mtu haachi ratiba kama hiyo kwa ajili ya habari za Kinole.

Ijumaa aliwakusanya wakazi. "Kesho," aliwaambia, "mgeni rasmi ataona kwa macho yake. Sitaki kusikia kikohozi. Akipita, mtazame ukutani."

"Hata yeye tusimsalimie?" aliuliza Mzee Kasiani.

"Sheria haina ubaguzi, mzee wangu."

"Umesikia, Kristina? Haina ubaguzi."

"Nimesikia," alisema Bi Kristina, na wote wawili wakawa watiifu ghafla kwa namna ambayo ingemtia wasiwasi mtu mwenye akili iliyotulia.

Sasa ni lazima ijulikane kwamba wiki hiyo kulikuwa na tetesi za mkeka. Kila mtumishi wa serikali anajua mkeka ni nini: ni ile orodha inayotoka bila hodi, jina lako likiwemo umepanda, lisipokuwemo unaanza kutafuta boksi la kuwekea vikombe vyako vya ofisini. Kamishna Stephano alikuwa hajalala siku tatu. Na dalili ya kwanza ya mtu aliyetumbuliwa haiji kwa barua. Watu wanaacha kumsalimia, kwa sababu wao wameshaona kwenye simu kabla yake.

Alifika Jumamosi saa tano, saa tatu nzima baada ya Salamu ya Jumla. Getini mambo yalikuwa mazuri. Kwaya iliimba, watu wakapiga makofi, wakubwa kwa wadogo wakamwamkia. Kamishna alikuwa hajapita mahali bila kuamkiwa tangu ateuliwe. Hata watu waliomzidi umri walimpa shikamoo, naye aliitikia bila kuona aibu. Akapokea ndoo ya aiskrimu, akatabasamu mbele ya mwandishi wa habari aliyekuwa akirusha laivu kwa simu yake, akaingia ngazini.

Kimya.

Bi Kristina aliinua macho kutoka kwenye simu yake, alikokuwa akitazama picha za wajukuu. Akamtazama Kamishna. Akatazama ukuta.

Kamishna alisita. Akapanda hatua chache, akachungulia simu yake. Kwenye ngazi zile zenye kuta nene hakukuwa na mtandao hata wa dawa. Akamgeukia Bwana Abdulswamad. "Kuna nini?" alinong'ona.

Bwana Abdulswamad, ambaye kwa mujibu wa Mwongozo alikuwa msindikiza mzigo, aliweka kidole mdomoni.

Uso wa Kamishna ulibadilika rangi. Walipofika ghorofa ya pili, Mzee Kasiani alikuwa ameshakigeuza kiti chake, anautazama ukuta kama treni itatokea humo.

"Habari za hapa, mzee wangu?" alisema Kamishna, na sauti yake ilikuwa ya mtu anayeomba maji.

Mzee hakujibu. Aliyejibu alikuwa Hamza mlinzi. Alisogea, akamshika Kamishna kiwiko kwa heshima, bila neno, akamteremsha mpaka hatua ya kwanza.

"Mpaka mlinzi," alinong'ona Kamishna Stephano. "Mpaka mlinzi ameshajua."

Alipanda upya, polepole, ndoo imemkumbatia zaidi ya alivyoikumbatia yeye. Nyuma yake alikuja Bwana Abdulswamad, nyuma yao mwandishi na simu yake, na mbali kidogo nyuma Hamza. Video yake haikurushika tena humo ndani, lakini ilirekodi kila kitu, na mwandishi aliongeza sauti.

"Abdulswamad," alinong'ona Kamishna, Hamza asisikie, "ni ile ngazi ya umeme ya Dakawa, siyo?"

Bwana Abdulswamad alinyamaza.

"Nilijua. Nilijua watauliza. Niliizindua mwenyewe, nikakata utepe. Lakini ilikuwa katikati ya mashamba ya mpunga, ndugu yangu! Hakuna ghorofa Dakawa! Ingepanda kwenda wapi? Tulikata utepe, tukapiga picha, tukala pilau, tukaondoka. Haipo. Haikuwahi kuwepo. Nani amewaambia?"

Bwana Abdulswamad alifungua mdomo, akaufunga. Angetamka neno moja likamfikia Hamza, wangerudishwa wote chini, na aiskrimu ingeyeyuka mbele ya vyombo vya habari. Barua yake ilikuwa ghorofa mbili tu kutoka pale. Akanyamaza kwa faida ya taifa.

Kamishna akamtazama kwa macho mapya. "Ni wewe," alisema. "Wamekuteua wewe. Ndiyo maana huwezi kunijibu."

Hapa Bwana Abdulswamad aliona kitu ambacho hakijawahi kumjia hata ndotoni. Si Mkurugenzi Msaidizi. Kamishna. Alijua kwamba si kweli, na aibu kidogo ilimgusa kwenye shingo. Lakini Mwongozo ulimkataza kukanusha, na yeye si mtu wa kuvunja Mwongozo alioutunga mwenyewe.

Ghorofa ya tatu Kamishna aliketi kwenye ngazi, akatoa kalamu, akageuza hotuba yake, na nyuma yake akaandika: "Nimemkabidhi Bwana Abdulswamad Dadi Idara yote, pamoja na mali zake zote na miradi yake yote, ikiwemo ile ya Dakawa." Akasaini. Akampa karatasi. Akampa funguo za gari. Akachomoa mfukoni kibendera kidogo cha gari, ambacho hakumwamini dereva kukaa nacho, akampa. Bwana Abdulswamad alipokea vyote kwa mikono miwili, na kwa kuwa fomu yoyote iliyowekwa mbele yake huwa anaisaini, akasaini chini yake na kujiandikia "Mpokeaji."

Ghorofa ya nne Bi Mwajuma alikuwa mlangoni na mkongojo wake, amesikia viatu vingi na hakuna sauti. Kamishna alitua ndoo sakafuni, akavua miwani.

"Shikamoo mama," alisema. "Nimefukuzwa kazi."

Hamza alisogea kumshika kiwiko. Bi Mwajuma aliinua mkongojo. "Wewe mtoto, mguse uone." Kisha akamgeukia Kamishna, na uso wake ulikuwa umekunjuka kwa mara ya kwanza tangu wiki ya Mwongozo. "Marahaba mwanangu. Marahaba sana. Kakufukuza nani?"

"Sijui mama. Ila hakuna anayeniamkia."

"Kwani hapa nani anaamkiwa? Mkwe wangu kakataza. Soma."

Akamwonyesha mlango. Kamishna alisoma Mwongozo wake mara ya kwanza maishani, kuanzia juu mpaka kwenye saini, na kwenye saini akakaa kwa muda mrefu.

"Abdulswamad," alisema hatimaye. "Nipe funguo zangu."

Bwana Abdulswamad alikuwa anazitafuta mfukoni, kwa masikitiko, pale dirisha la ghorofa ya nne lilipowaletea mtandao. Video ya mwandishi iliondoka yote kwa pamoja, Dakawa ikiwemo. Nusu saa baadaye, Kamishna akiwa bado mlangoni anaulizwa na Bi Mwajuma kwao ni wapi na mama yake ni mzima, simu yake iliita kutoka Dodoma. Mkeka ulikuwa umetoka, mfupi kuliko yote iliyopata kuonekana: jina moja, lake, na si la kupanda. Magazeti ya kesho yake yaliandika kwamba Kamishna ameachia ngazi, na safari hiyo hayakukosea hata neno.

Bwana Abdulswamad alisikitika jioni nzima juu ya barua yake isiyosainiwa. Jumatatu akapata nyingine, yenye saini kubwa kuliko aliyoitamani. Ilieleza kwamba kwa kuwa makabidhiano yalifanyika kwa maandishi, mbele ya mashahidi na kamera, na kwa kuwa mpokeaji alisaini, Bwana Abdulswamad Dadi ni Kaimu Kamishna. Mkewe alipiga kigelegele. Bwana Abdulswamad alikaa kwenye kochi na kibendera chake mkononi, akasoma aya ya pili. Aya ya pili ilisema kwamba Kaimu Kamishna ataionyesha Tume ya Uchunguzi ngazi ya umeme ya Dakawa, ikiwa inapanda na kushuka, Ijumaa saa nne asubuhi, na kwamba wito rasmi utaletwa kwa mkono. Wito ukichelewa kupokelewa hadi baada ya saa sita mchana siku ya Jumatano, shauri litaahirishwa kwa miezi sita.

Jumatano, saa sita kasoro dakika kumi, akiwa roshani anachungulia kama mtu anayesubiri mvua isinyeshe, alimwona mjumbe wa Tume akiingia getini na bahasha na daftari kubwa la mapokezi. Kijana mnadhifu, viatu vinang'aa. Dakika kumi! Bwana Abdulswamad alipiga hesabu yake haraka. Bi Kristina, dakika kumi na nne. Mzee Kasiani, kumi na saba. Alipona. Kisha akakumbuka tangazo lake mwenyewe.

Alikimbilia ngazini akainama juu ya reli. "Mama Kristina!" aliita. "Mgeni huyo! Muulize habari!"

Chini kulikuwa kimya.

"Mama, mwambie juu ya mguu! Ile yote miwili! Mzee Kasiani! Mzee wangu, treni imepita saa ngapi?"

Kiti cha uvivu kililia kidogo kikigeuzwa kuelekea ukutani.

"Nimeufuta Mwongozo!" alipaza sauti Kaimu Kamishna. "Naufuta mimi, kwa mamlaka niliyopewa! Salimianeni, jamani! Salimianeni!"

Kutoka chini Hamza alimjibu kwa kipaza sauti, kwa adabu zote, kwamba mkazi wa ghorofa ya nne anaombwa asiongee na mtu mwenye mzigo, na kwamba agizo la kufuta litapokelewa likija kwa maandishi, likiwa na mihuri mitatu. Baada ya hapo vilisikika viatu tu, vinapanda, havisiti popote.

"Hodi," alisema mjumbe.

Bwana Abdulswamad alimwashiria mama mkwe wake anyamaze, akajificha nyuma ya pazia. Lakini kuna mambo ambayo Bi Mwajuma asingeyafanya hata angelipwa, na kuiacha hodi bila jibu ni mojawapo.

"Karibu mwanangu, karibu ndani. Mbona umefika upesi hivyo? Hata hujatoka jasho."

"Shikamoo mama. Hakuna aliyenisimamisha njiani."

"Marahaba. Yumo, yuko nyuma ya pazia. Ukishamaliza naye ukae, nikuulize habari."

Ilikuwa saa sita kasoro dakika sita. Bwana Abdulswamad alitoka, akalivuta daftari, akasaini. Pembeni ya saini kulikuwa na safu ya maoni, na mkono wake, uliokuwa umezoea safu za maoni kwa miaka ishirini na miwili, uliandika kabla yeye hajauzuia: "Mzigo umefika kwa wakati."